Kamba za Atomi Ishirini na Sita

Jumatano, 15 Aprili 2009

Nimepoteza fuwele thelathini na moja. Zote. Zimekufa kati ya Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, ndani ya mtungi uliokauka. Leo asubuhi nimefungua kifuniko — hakuna moshi wa baridi. Pakavu kabisa! Nitrojeni ya kimiminika inayozitunza kwa baridi imeisha mpaka tone la mwisho.

Miaka miwili na zaidi. Protini ya kifua kikuu iliyogoma kuganda iwe fuwele, hatimaye ikaganda, hatimaye ikakubali kulowekwa kwenye dawa. Mwezi Mei zilikuwa ziende Grenoble, ng'ambo, kwenye eksirei kali za kuonyesha atomi.

Alhamisi kabla ya Pasaka Profesa Terblanche aliniambia mwenyewe: nenda Centane ukamwone mama yako, kijana, mtungi nitaujaza mimi. Nikaenda. Zamani nilijaza magari petroli kituoni Bellville usiku ili nisome mchana. Hakuna gari lililoondoka kwangu na tanki tupu. Profesa kashindwa na mtungi mmoja.

Ijumaa, 17 Aprili

Kwenye kikao kasema mtungi "ulikuwa unavuja." Hauvuji. Niliujaza juzi, leo nimeupima, umepungua kawaida tu. Nikalisema hilo. Ferial — mtafiti aliyenitangulia, tunatumia benchi moja — akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kimebaki kipimo kimoja: fuwele niliyoijaribu mwezi Machi kwenye mashine yetu ya hapa. Ukali wa picha ni angstromu 3.1. Yaani ukungu. Huoni atomi, unaona mabonge. Kwa hiyo tunafunga kamba, ndivyo tunavyoita hapa: unaiambia kompyuta atomi hii isiende mbali na pale unapojua inakaa, data iivute ikiweza. Si udanganyifu. Bila kamba protini nzima inaparaganyika kama shanga zilizokatika uzi.

Profesa kachukua faili. Dawa ataipanga yeye ndani ya protini, kasema.

Jumatano, 22 Aprili

Uchaguzi. Foleni ndefu Khayelitsha, jua, wino kwenye kidole gumba. Sijagusa kazi. Sina hamu.

Jumatatu, 27 Aprili

Sikukuu, maabara tupu. Nimeufungua muundo aliotuma Profesa. Mzuri! Mzuri mno. Dawa imekaa shimoni mwa protini, ramani iliyochorwa na eksirei imeivaa kama glavu. Kwa ukungu wa 3.1?

Nikaangalia kamba. Atomi zote ishirini na sita za dawa zimefungwa. Zimefungwa wapi? Pale kompyuta ilipobahatisha mwaka jana, kabla hatujapata fuwele hata moja! Tena ulegevu kazipa 0.01. Protini yenyewe, ambayo umbo lake tunalijua, kaipa 0.1. Yaani dhana kaikaza mara kumi kuliko ukweli.

Na mtetemo, yaani kipimo cha atomi kutotulia mahali. Atomi za jirani 60, za dawa 188. Hiyo ni data inapiga kelele: hapa hakuna kitu.

Nikafungua kamba za dawa tu. Kompyuta ikapiga hesabu mizunguko ishirini. Dawa ikatoka shimoni, ikageuka, ikasimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikaifuta, nikachora ramani upya. Vibonge viwili vidogo. Maji.

Kuna zile asilimia tano za data tunazoificha kompyuta ili zitupime mwishoni. Kosa limetoka 30.9 likawa 30.7. Kidogo, lakini limeshuka. Ramani ya ukungu hukuonyesha ulichoweka mwenyewe. Hili tunawafundisha wanafunzi wiki ya kwanza!

Alhamisi, 30 Aprili

Nimempelekea Profesa. Hakukasirika, ndilo lililonitisha. Kasema kwa data hii kila kitu kimefungwa, hata wewe umefunga, sasa unanilaumu nini?

Nikamwambia, Prof, mimi nimefunga kwenye kinachojulikana. Wewe umefunga kwenye unachokitaka. Mbuzi ukimfunga nguzoni usiku utamkuta hapo asubuhi. Si kwamba anapapenda.

Akacheka. "Basi wewe niletee fuwele nyingine." Akanitazama usoni. Mimi nilete fuwele! Yeye aliyeziua!

Ferial kaleta sambusa. Namweleza, anatafuna.

"Kwa hiyo wewe na dawa yako mmeachana?"

"Hatukuoana, dada. Tulifungishwa."

Akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema polepole: kaka, mkataba wangu unaisha Juni, mimi usinitaje.

Jumatatu, 4 Mei

Rasimu ya makala imetoka. Jina la kwanza: Luvuyo Dyantyi. Mimi! Januari aliniweka wa tatu.

Nimesoma mara mbili ndipo nikaelewa. Jina la kwanza ndilo linalobeba lawama. Fuwele zilikuwa zangu, kwa hiyo muundo ni wangu, kwa hiyo uongo pia ni wangu.

Na si makala tu. Ijumaa saa nane mchana faili linakwenda kwa wakemia wa Pretoria. Watarefusha mkia wa dawa ushike ukuta wa lile shimo. Mkia ambao hauko pale. Watatengeneza, watalisha panya, watashangaa.

Mama kapiga simu. Nikamwambia jina langu limekuwa la kwanza. Kapiga kigelegele, kawaita majirani. Habari ya uongo sikumwambia.

Alhamisi, 7 Mei

Jana nilimwomba tufute dawa, tuandike hatujui. Huenda inakaa pale kweli! Fuwele ambazo zingetuambia zimekufa. Kasema "hatujui" haichapishwi. Nikasema basi ondoa jina langu. Kasema jina likiondoka, na tasnifu yako ya uzamivu haina sura ya tatu. Uamuzi wako, kijana.

Leo nimemwandikia. Nanakili hapa nisije baadaye nikajidai niliandika kwa ukali zaidi:

"Prof. Dawa tumeiona pale, au umeiweka pale? Sihitaji maelezo ya kamba. Nijibu kwa maandishi kesho Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Nisipopata jibu, ramani isiyo na dawa naituma Pretoria mwenyewe, na jina langu juu yake."

Ferial kaisoma begani kwangu. Kaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jibu limekuja baada ya robo saa: "Njoo ofisini, tuongee kama watu wazima."

Nimemjibu: Hapana, Prof. Kwa maandishi. Tumeiona, au umeiweka? Saa sita.