Kibatari wa Pili

Kishanda, Jumanne jioni. Mvua ilitunyima asubuhi nzima, saa saba jua likatoka na tukapata kazi. Nimechoka, miguu imejaa matope, na leo nitajisifu. Blogu ni yangu.

Kwa asiyejua, Kibatari ni shujaa wa katuni tuliyokuwa tukiisoma Bukoba mpaka kurasa zinachanika. Ana barakoa nyeusi, kiganja kinachowaka na joho la lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Kwenye televisheni alichezwa na Projestus kwa misimu minne. Sasa inatengenezwa filamu, goti la Projestus limegoma, na nafasi nimepewa mimi, Shaabani wa Hamugembe.

Kwa majaribio.

Mwongozaji wetu, dada Adventina, aliniambia jana bila kuzunguka: nisipowavutia watu wa Kishanda watakaokuja kutazama leo, anamwita Projestus na goti lake bovu hivyo hivyo.

Nakiri kitu hapa. Miezi miwili nimekuwa nikimwiga Projestus. Nimeitazama ile tamthilia hadi najua anapumulia wapi. Kidevu juu, mikono kifuani, sauti ya kutoka tumboni. Nilidhani kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Nilipotokeza kwenye migomba nimevaa kila kitu, mama mmoja aliyekuja kutazama akasema kwa sauti, "Huyu siye." Iliniuma sana. Barakoa ina faida zake, hakuna aliyeona.

Onyesho lilikuwa dogo. Kibatari anatua uani kwa Ma Koku, anambeba, anamkimbiza mbali na majambazi. Ma Koku ni bibi wa hapa hapa, ua ni wake kweli, na hajawahi kuigiza maishani. Nikatua. Nikainua kidevu. Nikamshika mkono, akauvuta.

"Waitu, jamani, unaingia kwangu hata salamu hakuna? Au ukivaa hilo dude salamu haitoki?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia migomba. Nikamtazama Adventina anisaidie. Kamera ilikuwa bado inazunguka.

Ndipo nikakumbuka: misimu yote minne Projestus hakuwahi kumsalimia mtu. Anatua, anapiga, anaondoka. Na mimi niliyefundishwa kuchuchumaa mbele ya wakubwa kabla sijajua kusoma, nilisahau kwa sababu yeye hakufanya. Niliona aibu, aibu ya kweli, siyo ya kuigiza.

Nikachuchumaa. Joho likaingia matopeni. Nikamwamkia kwa Kihaya, kwa sauti yangu hii hii ya kila siku. Akaniacha chini kidogo, makusudi nadhani, kisha akauliza, "Mtoto wa nani wewe?"

Kwenye katuni hakuna anayejua Kibatari kazaliwa na nani. Hata mchoraji hakuandika.

"Wa Mwajuma, wa Hamugembe," nikasema. Ndiye mama yangu.

"Haya. Sasa nibebe."

Nikambeba, nikakimbia, na sijawahi kukimbia vizuri hivyo. Tulipomaliza akanitilia kahawa za kutafuna kiganjani, kile kile kinachowaka. Yule mama wa "huyu siye" akanisogelea kuuliza kwetu Hamugembe ni upande gani, maana ana shemeji yake huko.

Adventina ameliacha onyesho kama lilivyotokea. Simu kwa Projestus aliipiga kweli, ila kumwambia aendelee kulipumzisha goti. Nilisimama karibu nisikie vizuri.

Kwenye kupigana Projestus bado ananizidi, sibishi. Kuna siku watu watatulinganisha na mimi nitashindwa. Lakini Kibatari wangu ana mama, na mama huyo nimempigia jioni hii kumwarifu kwamba yumo kwenye filamu. Ameuliza kama nilimsalimia bibi wa watu vizuri. Nimemjibu ndiyo, sikutaja ilivyoanza.

Kesho naruka kutoka juu ya paa la shule kuwakabili majambazi sita. Nimeshaamua.

Nitawasalimia kwanza.