Kitambaa cha Eustache Kando ya Mto

Jameson Avenue,
Parkdale, Toronto.
30 Septemba 2012

Mpendwa wifi yangu Philomena,

Salamu nyingi zikukute hapo Uvira ukiwa mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima kwenda kanisani kwa miguu, huku ukimkatalia kila anayetaka kukushika mkono? Sisi hatujambo. Inès amekuwa mrefu kunishinda. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, nami namrudishia kwa Kiswahili, basi nyumba inaendelea hivyo.

Mwezi huu mawingu ya hapa yanatembea polepole, na mimi najikuta nimesimama dirishani na kikombe cha chai iliyopoa. Naota macho wazi. Nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika.

Habari yenyewe ni shamba. Unalijua kwa barua: kile kipande cha bondeni, kando ya Mto Humber, tulichopewa sisi akina mama wa kanisa tulime. Zile mbegu za lengalenga, mchicha wetu, ulizonishonea kwenye pindo la kitenge nilipoondoka, humo ndimo zimezaliana mwaka hadi mwaka. Asubuhi ukungu unakaa juu ya maji, majani yana umande, na nikiinama kupalilia sijui tena niko nchi gani. Tangu kaka yako atutoke, ni hapo tu ninapomsikia akipiga mluzi. Usinicheke. Wewe mwenyewe unaongea na sufuria.

Sasa, shamba hilo limegombewa miaka mitatu na ofisi mbili. Ofisi ya jimbo inasema mafuriko hayafiki hapo: tulime, na kanisa lijenge kibanda cha kulelea watoto wa akina mama wanaofanya kazi za zamu. Ofisi ya serikali kuu inasema bonde lote ni la mto, asijenge mtu wala asilime. Kila upande una ramani yenye mstari wake wa buluu, na mistari haikutani. Wanakuja na mabuti yao, wanabishana kwa adabu, wanaondoka. Na wao wakivutana, mimi navuna. Kusema kweli niliomba Mungu wasipatane kamwe.

Lakini nilikuwa na siri, wifi. Unakumbuka desturi ya nyumbani kwenu Kiliba: mto ukifurika na kurudi, mwenye shamba hufunga kitambaa mtini, pale pale tope lilipoacha alama, na hakuna anayekishusha. Ilipopita mvua kubwa ya Agosti 2005, kaka yako Eustache alifanya hivyo hivyo shambani hapa. Alichana pindo la shati lake la kijani, akanyoosha mkono hadi mwisho, akafunga. Wazungu waliokuwa wakitembeza mbwa walidhani anatambika! Kitambaa kipo hadi leo, kimepauka, majani yanakificha. Mimi na ufupi wangu sikifikii.

Jumanne iliyopita ofisi zote mbili zilikuja pamoja. Mbao za kanisa zilikuwa zimeshashushwa, na bwana wa jimbo alikuwa na kalamu mkononi, tayari kutia saini kibali. Niliangalia mbao, nikaangalia juu mtini. Nikawaona kwa mawazo watoto wamelala mkekani mchana, na maji yanaingia taratibu bila kubisha hodi.

Inès alinisoma usoni. "Mama, usiseme," akaninong'oneza. "Ni shamba ya Papa." Kwa Kiswahili, wifi! Miaka yote hiyo, akakipata siku hiyo.

Nilisema. Niliyasogeza majani kwa mpini wa jembe, nikawaonyesha. Walipima: mita mbili na robo kutoka ardhini. Ramani zikakunjwa. Mama mmoja wa serikali kuu aliuliza nani alifunga, nikamtajia jina, akaliandika herufi kwa herufi. Kisha wote wakatia saini karatasi moja. Kibanda kitajengwa juu, karibu na barabara. Shamba linafungwa tukimaliza kuvuna.

Nimelia, sikufichi. Inès alikula chumbani kwake siku mbili. Nilijilaumu kwa kusema, halafu nikajilaumu zaidi kwa kunyamaza miaka mitatu. Ijumaa yule mama alinipigia simu. Anasema kwenye ramani mpya ya ofisi zote mbili, pale kwenye mti wetu, pameandikwa jina moja tu: Eustache. Nilipomwambia Inès, alikaa sakafuni akacheka huku analia, nami nikakaa naye.

Nisalimie shemeji Leonce na ujenzi wake usiokwisha, na mama Généreuse, mwambie deni lake la barua nalikumbuka. Mwambie Moïse aache kukwea miti ya watu.

Ndani ya bahasha hii kuna nusu ya mbegu. Zinarudi kwako zilikotoka. Zipande juu, nyuma ya jiko, mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Nimezifunga kwenye kipande kilichobaki cha lile shati la kijani. Usikifue kabla hujakinusa.

Mungu akulinde, kwenye kilima na bondeni.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda,
Mama Inès