Baba, Wateja Wangu Wote Ulikuwa Wewe

Baba,

Shikamoo. Hiyo nimeitoa kwa adabu tu, usiitikie. Kesho saa moja asubuhi nakwenda sokoni kukuharibia jina, na nimeona nikuarifu kwanza mimi mwenyewe. Nitasimama pale kwenye meza za samaki, mbele ya wanawake uliowafundisha kusoma na kuandika, niseme kwamba Mwalimu Kasiani alikuwa mwongo.

Na usinianzie habari za marehemu hasemwi. Wewe ulisema mengi sana kwa vinywa vya watu ambao hata hawajazaliwa.

Daftari nimeliona. Nilikuwa natafuta cheti chako cha ubatizo, paroko anakitaka kwa kumbukumbu zake, nikapekua kabati la marehemu mama mpaka chini ya mashuka. Nikakuta daftari la mahudhurio. Nikadhani ni la darasa lako la zamani, nikalifungua. Majina saba. Tausi, wa Magomeni, mpika maandazi, anapenda samaki changu, mkali. Kibwana, dereva mstaafu, magoti mabovu, anapenda chewa. Mama Happy, mke wa askari, haishiwi wageni. Na wengine wanne. Mbele ya kila jina umeweka alama ya vema siku aliyosema mtandaoni, na sifuri siku aliyonyamaza. Kuna wiki nzima Kibwana umemwandika "mgonjwa". Baba! Mtu hayupo duniani, halafu unampa na ruhusa ya ugonjwa?

Nilicheka, wallahi. Ndiyo, nimeapa, na leo huna la kunifanya. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikaelewa ninachokicheka, nikalibamiza daftari ukutani.

Hebu nikukumbushe, maana nyinyi mkishakufa mnajifanya mmesahau. Nilikuwa nimepata ile kazi ya Kigali. Sanduku liko wazi kitandani, nguo nusu ndani nusu nje. Nikakwambia tukiwa mezani kwamba kabla sijaondoka najaribu jambo moja la mwisho: nitaichukua akili mnemba, niisomeshe malalamiko yote ya watu wa Bagamoyo kule kwenye kundi la mtandaoni, inichambulie nani analia nini. Nikakueleza kwamba siku hizi biashara ya programu haianzi kichwani mwa mtu, inaanza kwenye kero. Ukiona mtu mmoja analalamika, huyo kaamka vibaya. Ukiona wengi, wasiojuana, wa mitaa mbalimbali, wanalalamikia kitu kimoja, hapo pana kazi. Uliacha wali upoe. Ukauliza, "Wangapi wanatosha?"

Nikajibu bila kufikiri, "Hata saba tu, Baba, kwa mji wetu huu."

Ningekuwa na akili za kutosha ningejiuliza, mzee ambaye simu yake ni ya salamu za Krismasi na matangazo ya jumuiya, anauliza idadi ya nini?

Haikupita muda mashine ikanitolea jibu. Watu wanateremka mpaka sokoni wanakuta samaki wa maana wameshachukuliwa kwenda Dar, wamebaki dagaa na maneno. Wanataka wajue mapema nini kimeshuka, waagize wakiwa nyumbani, waje kuchukua. Nilikusomea yote kwa sauti. Nilikusomea mpaka la Tausi, lile la "Aidha, ni aibu kwa mji wa pwani kukosa changu." Aidha! Mpika maandazi gani anagombania samaki kwa aidha? Wewe ukawa unamenya chungwa, ukasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mimi nikaona nina baba mwenye hekima. Kumbe nina baba anayejisifia kazi yake.

Nikawaandikia Kigali kwamba siji. Nilikusomea na hiyo. Ukasema Mungu ana mipango yake. Ulimsingizia hata Mungu, Baba, na Jumapili ukaenda ukapokea komunyo.

Basi nikatengeneza programu. Nikamchukua Salma, kwa kuwa alikulia pale sokoni na anamjua samaki hata ukimwonyesha mkia. Kazi yake kuandika kila asubuhi kilichoshuka, kupokea oda kwenye simu, kuweka fungu la kila mtu mezani kwake. Mimi niko nyumbani na kompyuta na feni, naona majina yanaingia. Saba. Kila siku saba. Nikawa nawaombea kwa majina kabla ya kulala. Nimemwombea Kibwana magoti yake!

Na nyumbani kwetu samaki, samaki, samaki. Wa kukaanga, wa nazi, wa kupaka. Paka wa jirani walihamia kwetu moja kwa moja. Nikikuuliza, unasema mwanafunzi wako wa zamani amekupa. Nikawa najisemea, kweli ualimu una baraka. Ulikuwa unakwenda na kikapu chako kile cha ukindu, unachukua mafungu saba, manne unagawa njiani, matatu unaniletea mezani. Na mimi nasema asante.

Lakini wa nane hakuja. Nilingoja, nikabandika matangazo, hakuja. Hapo ukaanza kuingiwa na hofu, nimeona kwenye daftari, mwandiko wako umelala. Ukaona wateja wanaoridhika kila siku hawaaminiki. Ukamtuma Tausi alalamike. Akaandika kwamba msichana wa sokoni anaandika changu, ukifika unakuta tasi, na kwamba lugha yake si nzuri. Kesho yake Mama Happy akamuunga mkono. Nami kama kawaida yangu nikaipa mashine malalamiko iyasome, ikanijibu bila kupepesa macho: kinachofukuza wateja wako ni mtoa taarifa wako.

Nikavaa viatu nikaenda sokoni. Mara yangu ya kwanza, Baba. Kutoka kwetu mpaka pale hata dakika kumi hazifiki, na sikuwahi kwenda kumuuliza mtu mmoja kama kweli anataka kitu hicho. Hilo ni langu, sikutwishi. Lakini nilipofika sikwenda kuuliza, nilikwenda kugomba. Nilimwambia Salma mbele ya watu wote kwamba anadanganya samaki na ananifukuzia wateja. Mwanamke mmoja akasema, "Dada, taratibu." Sikusikia. Nikamnyang'anya simu ya kazi mkononi. Salma akafunga khanga yake kiunoni, akaondoka.

Nikaja nikakueleza mezani. Nakumbuka maneno yangu: "Salma nimemfukuza." Ukasema, "Nipe chumvi."

Chumvi, Baba. Mtoto wa watu kaitwa mwongo sokoni kwa maneno uliyoyatunga wewe kwenye kiti chako cha uvivu, na wewe unaomba chumvi! Uliitia kwenye mchuzi ukakoroga ukala. Nimeangalia daftari siku ile. Tausi umemwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, pembeni umeandika "Nimezidisha." Siku iliyofuata wote saba sifuri. Kwa hiyo ulijua. Ulijisahihisha mwenyewe vizuri kabisa, ukafunga daftari, ukalificha chini ya mashuka. Kalamu nyekundu ya kabatini ilimsaidia nini Salma?

Njia ya mwongo ni fupi, ulitukaririsha darasa la tatu mpaka sauti zikatukauka. Yako imefika mbali bwana.

Kazi ya Salma nilimpa kijana mwingine, na majina yale yakarudi. Ulipolazwa, wateja wangu wote waliacha siku moja. Nikadhani wamesikia Mwalimu anaumwa, wanatupa heshima yetu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali naguswa na wema wa Tausi.

Halafu wasifu. Mimi ndiye niliyeusoma kanisani, kwa sauti, sikulia hata mara moja ili usinione mzembe. Nikasoma kwamba hakuna aliyewahi kukusikia ukisema uongo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na Salma alikuwepo. Alikuja msibani kwetu tangu siku ya kwanza, akakaa na kina mama uani akamenya vitunguu, hakunisalimia wala mimi sikumsalimia. Alisikia wasifu wote. Nami nilimwona, nikajisemea moyoni, ana uso mkavu huyu.

Alhamisi nimemfuata Majengo. Anauza mihogo ya kukaanga. Nilipita hatua mbili nikarudi, nikapita tena, mpaka akasema, "Kama hununui, dada, unaniziba." Nikamfungulia daftari. Hakulishika. Aliendelea kugeuza mihogo yake, akasema, "Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza. Mafungu saba, kikapu kimoja."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuniambia? Hata siku ile nilipokudhalilisha?

Akasema ulimfuata nyumbani kwao jioni ya siku ile ile. Sikujua, uliniaga unakwenda jumuiya. Akasema ulisimama mlangoni, ulikataa kuketi, ukamwambia, "Salma, nipe mpaka Pasaka. Nitamwambia mwenyewe." Akakupa. Pasaka ikakukuta hospitalini. Halafu akaniambia hivi, bila kupandisha sauti, "Mwalimu hakuwahi kuniahidi kitu asitimize. Nikawa nangoja. Mpaka wanafukia, mimi bado nangoja."

Nikamwambia nisamehe. Akasema samahani ya uchochoroni hana pa kuiweka. "Ulinivua nguo sokoni, nivishe sokoni."

Ndiyo maana nakwenda. Nimejaribu kutafuta maneno ya kumsafisha yeye bila kukuchafua wewe. Nimekaa siku mbili. Niseme mashine ilikosea? Haikukosea, ilisoma ilichoandikiwa. Niseme nilipotoshwa na watu wabaya? Wataniuliza kina nani, kwa majina, unawajua wale. Hakuna njia, Baba. Mmoja wenu lazima atoke pale akiwa mwongo, na Salma zamu yake ameshaimaliza.

Programu nimeizima. Kule kwenye kundi jana kuna mtu kauliza, Bi Tausi mbona kimya, au anaumwa? Watu wakaandika pole. Watu wanampa pole Tausi, na mimi ndiye nimekaa na viti vya msiba sebuleni sijui nivirudishe lini.

Nina swali moja. Kwa nini hukuniambia nisiende? Mdomo ulikuwa nao. Ulikuwa unapita mlangoni unaniona nikikunja nguo. Ungesimama pale useme, "Mwanangu, usiende, nyumba hii itanishinda peke yangu." Basi. Pengine ningekaa. Pengine ningekwenda huku nalia njia nzima. Sijui, na sitajua tena, umeninyima hata kujua. Uliona heri utunge watu saba, uwape mitaa, uwape magonjwa, uwape na samaki wanaowapenda, na kati ya wote hao hakuna hata mmoja uliyemruhusu aniambie neno ulilotaka kuniambia wewe. Kigali inauma. Hili linaniuma zaidi, na nakuchukia kwa ajili yake, Baba, kila nikiona kiti chako, na bado kile kiti sijaweza kumwachia mtu akikalie.

Haya. Salma ananipitia saa kumi na mbili na nusu, tutakwenda kwa miguu. Nitalitaja jina lako kamili, na langu, na hizo dakika kumi ambazo sikuzitembea. Wale wanawake nawajua sasa. Watanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja atauliza kwa upole, maana wanakupenda, "Na wewe, umemsamehe?"

Hapo ndipo pa kusema ndiyo ili wote tuende makwetu kwa amani. Ndivyo ambavyo ungefanya wewe. Mimi nakuahidi sitafanya. Nitawaambia, bado.

Lala, Baba.

Binti yako,
Leokadia