Meli Mbili za Mama Mkwe

Hoteli ya Filister,
Karibu na Gati,
Homa Bay.
14 Agosti 1965

Mpendwa shemeji yangu Projestus,

Pokea salamu nyingi, wewe na mdogo wangu Leonida, na huyo mgeni mdogo anayewanyima usingizi. Hamjambo huko Bukoba? Leonida ameanza kupata nguvu? Maziwa yanatoka vizuri? Mwambie anywe uji wa wimbi, na wala asione haya kuomba bakuli la pili. Sisi huku hatujambo, ila goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikikaribia, na Mama macho yake yanazidi kufifia. Siku hizi anawatambua watu kwa sauti. Vinginevyo ni mzima, anakula, na bado anatugombeza.

Ziwa nalo halijashuka. Tangu lilipofurika, gati letu limesimama majini kama mtu aliyekunja suruali, na wasafiri wanavukia mbao. Hoteli yangu imenusurika kwa kuwa iko juu kidogo, na mandazi yanauzika. Jirani yangu Bi Kultum, yule mwenye duka la vitambaa aliyenifundisha Kiswahili hiki unachokisoma, anakusalimu sana. Anasema ukiona kosa la lugha humu ujue ni langu, si lake.

Barua yako niliipata. Nimeisoma na kuirudia, shemeji, na kusema kweli iliniuma. Unasema mtoto atabatizwa mwezi ujao, na Leonida anataka aitwe Kezia, jina la Mama. Halafu unasema wewe unasita, kwa sababu mtu aliyekataa chakula chako mbele ya watu hawezi kufurahi jina lake likiitwa nyumbani kwako. Mimi umenialika, Mama hukumwalika. Unaona labda hakukubali kamwe binti yake aolewe na mtu wa mbali.

Mimi siku zote nilidhani siku ile ya Kisumu ulikuwa umechoka tu na safari. Kumbe umebeba jambo hili moyoni miezi yote hii! Basi ngoja nikueleze polepole, kwa Kiswahili changu cha hotelini, maana wewe si Mjaluo na hukuwa na namna ya kujua. Hukumkosea Mama, wala Mama hakukukosea. Kosa ni la meli.

Tuanze na safari ya kwenda. Mwaka jana ulipokuja kumchukua Mama akaione nyumba yenu, ile meli kubwa nyeupe ilikuwa imekwisha kuondoka Kisumu, mkapanda hii ndogo inayotia nanga hapa kwetu. Unakumbuka ulivyoniomba radhi hapa gatini? Ulikuwa umevaa suti, maskini, na kuku wa mtu amefungwa karibu na kiatu chako. Meli yenyewe haina kitanda, haina meza, na choo chake ni cha kufumba macho. Watu wanatandika mikeka katikati ya magunia, serahangi na mabaharia wake wanawapigia kelele, na kila mtu anakula alichobeba. Ulisikia aibu kumpandisha mama mkwe wako humo.

Lakini Mama alisafiri kama bibi harusi! Alikaa mbele na wanawake kutoka Kisegi waliokuwa wanapeleka samaki wakavu Musoma, wewe ukakaa nyuma na wanaume. Alikupa mgongo, akala samaki wake, ngege wa kukaanga, akaimba nyimbo za kanisani mpaka sauti ikamkauka. Habari hizi nimezipata kwa wanawake hao hao, kwa sababu wakirudi hunywa chai kwangu. Wameniambia na jambo ambalo wewe hukulijua. Kila baada ya muda Mama alikuwa akiwauliza, "Orwa amekula?" Orwa ndilo neno letu la mkwe. Wakimjibu bado, anamega ugali na samaki, anampa mmoja wao akupelekee. Yule mama mnene aliyekuletea chakula, mpaka ukaniandikia kwamba watu wa meli ndogo ni wakarimu ajabu, unamkumbuka? Chakula kile kilitoka mkononi mwa Mama.

Sasa tuje kwenye kurudi. Hapo moyo wako mzuri ndio uliotuponza. Ulitaka kufuta aibu ya meli ndogo, ukamkatia Mama tiketi ya fasti klasi kwenye meli nyeupe, ukamsindikiza mwenyewe mpaka Kisumu. Nilipokwenda kumpokea niliruhusiwa kuingia, na mdomo wangu ulibaki wazi. Vitambaa vya meza vimepigwa pasi utadhani ni karatasi. Kila mtu ana uma tatu, kana kwamba ana midomo mitatu. Wahudumu wamevaa kanzu nyeupe na mishipi myekundu, kuna kengele ya shaba ya kuwaita watu mezani, na kitanda kimetandikwa hata unaogopa kukikalia. Ningekuwa mimi msafiri, shemeji, wangeniita polisi waje kunitoa.

Na Mama nilimkuta wapi? Nje, kwenye kiti cha turubai, amejifunika leso, uso ameuelekeza majini. Hapo ndipo alipokaa tangu Bukoba. Kitanda hakukilalia, chumba cha kulia hakukikanyaga. Mhudumu alimfuata na sahani mbele yangu, naye akamjibu kwa upole, "Hapana, baba. Mimi iko sawa hapa." Wewe ulikuwa umesimama kando, kofia mkononi, uso umekushuka. Ulinikabidhi kikapu chake, ukaaga, ukaenda zako bila hata kunywa chai.

Kwetu, shemeji, mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja, wala hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na hatuna heshima kubwa kuliko hiyo. Leonida alikueleza, ndiyo sababu huko Bukoba ulimpangia Mama chumba kwa jirani, akawa analetewa chakula huko huko. Alivyokusifu kwa hilo! Alilisimulia hapa mpaka tukamwomba apumzike. Lakini mlifikiria habari ya nyumba, hamkufikiria habari ya meli. Leonida alibaki nyumbani na mimba yake changa, na hata yeye hakuwaza.

Hebu iangalie kwa jicho la Mama. Meli ndogo kwake ni njia, au ni soko lililowekwa juu ya maji. Watu wote wako nje, na hakuna anayeweza kusema fulani amelala kwa fulani. Meli nyeupe ina milango na vitasa, ina vitanda, ina sebule. Chumba chako na chake vilitenganishwa na ubao mmoja tu. Mezani walimwekea kiti mkabala na chako, mtazamane uso kwa uso mkitafuna! Kwa Mama ile ni nyumba, na kwa kuwa wewe ndiye uliyempeleka humo, ni nyumba yako. Angeingiaje? Na angekueleza kwa lugha gani, wakati Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi? Aliona afadhali apigwe na baridi kuliko akuvunjie heshima. Alirudi na kikohozi kibaya, na hakulalamika hata siku moja.

Halafu kuna ile keki. Umeandika kwamba kabla ya kufika ulimtuma mhudumu ampelekee kipande, Mama akakifunga kwenye leso bila kukitazama, na baadaye leso ikaonekana tupu. Wewe ukaamini alikitupa ziwani. Alikihamishia kikapuni, shemeji! Kikapu kile kile ulichonikabidhi kwa mkono wako. Tulipofika hapa aliita wanawake wenzake wa kanisani, akaleta kisu, akaikata keki vipande vidogo vya kumtosha kila mmoja. Ilikuwa imekauka kama tofali. Tuliichovya kwenye chai, na Bi Kultum naye akapata chake. Kila aliyemeza alitakiwa kusema, "Asante, orwa." Mimi nilisema, ingawa jino langu moja nusura libaki humo.

Jana nilimsomea Mama barua yako. Ile sehemu ya chakula nilitaka kuiruka, lakini alisikia sauti yangu ikisita, akaniamuru nisome yote. Nikasoma. Nikaendelea mpaka kwenye jina.

"Kezia?" akauliza. "Kezia wa nani?"

Nikamwambia, wako, Mama. Alilia, shemeji. Sijamwona akilia hivyo tangu tulipomzika Baba. Kisha akajifuta uso, akaniuliza meli ndogo inapita siku gani, na mimi nikauliza kama haoni safari ni ndefu kwa macho yake. Alinitukana kidogo, nami nikajua tunasafiri.

Kwa hiyo mwandikishe mtoto jina hilo kanisani, na utuandikie siku ya ubatizo. Tutakuja wawili, kwa meli ndogo, pamoja na kuku wote watakaokuwemo. Nakusihi usitukatie tiketi ya meli nyeupe hata ukiona huruma namna gani. Kama unataka kutupa raha ya fasti klasi, mwombe tena jirani yako kile chumba, na keki mpe Leonida atuletee huko. Safari hii keki iwe laini.

Kaka yetu Nicanor wa Migori anakusalimu, pamoja na mkewe Pamela, ambaye amekwisha kuleta mfuko wa karanga za Leonida. Wanawake wa Kisegi wanamsalimu orwa. Msalimu na jirani yako mwenye chumba, mwambie wageni wake wa ajabu wanarudi. Mungu awalinde wote watatu, aipe nyumba yenu joto, na amjalie mtoto afya na sauti kubwa, ili bibi yake amsikie kutoka mbali.

Jambo la mwisho. Siku tutakayofika, njoo gatini. Simama mbali kidogo na uongee kwa nguvu, maana Mama hatakuona, atakusikia tu. Leonida ndiye ampe mtoto. Akishamshika vizuri, na akisikia sauti yako, atageuka akupe mgongo mbele ya watu wote. Usihuzunike tena, shemeji. Hivyo ndivyo anavyokukumbatia.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye siku zote,
Filister