Kombe Amelifumbua Kabla Yangu

Likoni, Mombasa
9 Machi, 1947

Mpendwa mpwa wangu Mbwana,

Pokea salamu zangu na za mamako Nyamvula. U hali gani huko Nakuru, na ile baridi imekuachia kifua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu tu huuma nikikaa sana, na siku hizi nimekaa sana.

Fumbo lako la sataranji lilifika salama. Nililipanga ubaoni kama ulivyolichora: shaha mweusi, mfalme mwenyewe, amebanwa ukingoni, na mweupe anatakiwa kumfunga kwa hatua moja tu. Nilijaribu farasi, shaha akapata pa kutorokea. Nilijaribu ngome, ikaliwa. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wasifanye haraka: hesabu kwanza nyumba ambazo shaha aweza kukimbilia, kisha tafuta kete ya kuiziba ya mwisho. Nikafanya hivyo siku tisa.

Siku ya kumi akaja Kombe, jirani yetu afanyaye ukuli bandarini Kilindini, ambaye mchezo huu nimemfunza mimi. Hata kukaa hakukaa.

"Mwalimu, hiki kitunda hakijatoka mahali pake. Kirushe nyumba mbili."

"Kitunda kinaruka? Ni panzi?"

"Kilindini kinaruka, mwalimu. Mabaharia wote hucheza hivyo, ila ni mara ya kwanza tu."

Mimi nilifunzwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na kwao kitunda, ile kete ndogo ya mbele, huenda nyumba moja moja tangu mwanzo. Nawe ulipokuwa hapa ulicheza vivyo hivyo. Kumbe huko Nakuru umebadili, wala hukuniambia. Nilikisogeza nyumba mbili. Shaha akapigwa, hana pa kwenda.

Nilikuandikia ukweli kwamba ni Kombe aliyelifumbua. Jibu lako ndilo lililonichoma. Mimi ulinipa mistari minne. Kombe ukampa bahasha nene, tena kwa sanduku langu la posta, kwa kuwa yeye hana lake.

Bahasha hiyo nilikaa nayo siku tano. Sikuifungua, lakini niliiinua juani nione kama ndani mna mchoro. Umo. Mke wangu Mwanarehema akanikuta vile.

"Baba, unamwonea wivu mtu uliyemfunza mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo. Ningemjibu nini kingine?

Jana nilimpelekea Kombe bahasha yake, nikamweleza ilikaa kwangu na kwa sababu gani. Kombe alicheka, akanivutia kiti tulitazame pamoja fumbo jipya lililomo. Nikasingizia goti, nikarudi nyumbani. Tangu hapo sina raha, maana najua amekwisha kulipanga ubaoni.

Usiache kumwandikia. Ana akili nyepesi na anastahili kusifiwa, nami nimemwambia hivyo, ingawa kwa shida. Ninaloomba ni moja. Fumbo lijalo, tia barua yangu posta siku moja kabla ya yake. Nipe hiyo siku moja niwe peke yangu na shaha wako. Nikishindwa, nitakwenda kwa Kombe kwa miguu yangu, na safari hii kiti chake nitakikalia.

Nisalimie mkeo Kadzo na mdogo wako Ngowa. Mwenyezi Mungu akulindeni, awape riziki na afya.

Mjomba wako akupendaye tangu Kombe hajalijua jina lako,
Matano