Kadi ya Soko la Uvira

Jumatatu, 8 Septemba
Mzee Rubeni anaondoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale tarehe 18. Amesema mwenyewe, kwenye benchi letu pale Base Camp, huku akinibania stempu ya Zaire yenye kichwa cha chui. Binti yake yuko Kanada, amemwita. Nikasema vizuri. Nikampa stempu mbili za ndege, akaachia chui.

Tunabadilishana hivi kila Jumatatu nikija kutafuta habari za redio. Nakusanya stempu na kadi za posta za Zaire kwa sababu nilizaliwa Bukavu na sina kingine cha huko. Yeye ana sababu bora. Kadi moja: soko la Uvira, ziwa nyuma, msichana mbele na beseni la ndagala, dagaa wa huko, kichwani. Msichana ni Mapendo, kabla hajawa mke wake. Mpiga picha hakumwuliza jina. Mapendo amezikwa hapa, upande wa Kabazana. Picha zake nyingine ziliungua na nyumba.

Nimeitaka kadi hiyo tangu siku ya kwanza kuiona. Hajawahi kukubali. Sijawahi kuacha kuomba.

Jumatano, 10 Septemba
Mvua. Barabara ya kambini tope tupu. Nimebaki Mbarara. Taarifa ya bei ya maharagwe, basi. Mgongo unauma.

Ijumaa, 12 Septemba
Kwa Mzee. Majirani wameanza kuchukua vitu. Ndiyo desturi: anayeitwa hugawa mali yake kabla ya kuondoka. Mama Sifa, Mrundi wa nyumba ya pili, ameshabeba sufuria na kuwekea godoro alama. "Mzee, usilikojolee. Ni langu sasa."

Mzee hakumsikia. Ameinama juu ya beseni la maji, anaroweka kurasa za albamu. Miaka yote amebandika kila kitu kwa uji wa muhogo, maana gundi ya dukani ilimkaukia ndani ya chupa. Sasa kwenye mafunzo ya wasafiri wameambiwa chakula hakiruhusiwi. Ameamini kabisa albamu itatupwa uwanja wa ndege.

"Mwalimu alisema chakula haiingie mu ndege. Muhogo haiko chakula?"

Mama Sifa mlangoni: "Ee, Mzee anapika tembre! Nilete chumvi?" Tembre ndiyo stempu.

Hakucheka. Sikucheka.

Stempu huvumilia maji, sote tunaziroweka. Kadi haivumilii. Ngozi ya juu hubanduka, na picha ndiyo hiyo ngozi. Ya Mapendo alikuwa ameiacha ya mwisho. Nikamwomba asiitie majini. Akauliza kama nina hakika muhogo mkavu unaruhusiwa. Sina. Sikusema ninayo.

Akakata ukurasa mzima kwa wembe, akautia kwenye mfuko wa plastiki, akanipa.

"Wewe ndiye unajua kuuliza. Bakikatala, ibakie kwako. Bakikubali, uniletee."

Jumamosi, 13 Septemba
Nyamityobora, Mbarara, chumbani kwangu. Kadi iko juu ya kabati. Mende walishaila pembeni kwa sababu ya ule uji. Wamefika karibu na kiwiko cha Mapendo. Nimeitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Neno moja linatosha: wamekataa. Atakubali bila kinyongo. Hakuna atakayehakikisha. Nimechoka na watu wanaoniamini.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimempigia yule mwalimu wa mafunzo. Mganda, mpole, ana haraka. Hajui. Atamwuliza mkubwa wake. Benchi sikwenda, nilitumwa mahakamani Mbarara. Kesi imeahirishwa.

Jioni Mzee akapiga. "Bamesema nini?" Nikasema bado. Ilikuwa kweli. Bado nilijisikia mwongo.

Jumanne, 16 Septemba
Hakuna jibu. Nimempigia mwalimu tena, hakupokea. Nimejikuta nimefurahi. Nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Jumatano, 17 Septemba
Mwalimu amepiga mchana. "Ssebo, hiyo si chakula, ni karatasi tu. Wacha mzee aende nayo." Nikamwomba arudie, kama ninavyofanya kwa taarifa yoyote. Akarudia. Mkubwa wake ndiye aliyesema.

Nikampigia Mzee. Akapokea Mama Sifa.

"Simu ni yangu sasa, muandishi. Ukitaka tuongee, tuma vocha."

Amegawa hadi simu. Tangu asubuhi yuko kituo cha wasafiri cha Kabazana na wenzake, wanalala huko. Nikamwuliza Mama Sifa kama anaweza kumpelekea ujumbe. Akaacha utani. Alikwenda kumuaga, walinzi wakamrudisha getini. Godoro ameshalichukua, amelikalia tu, hajalilalia.

Kwa hiyo Mzee hajui jibu. Anajua tu tulivyopatana: asiponiona, walikataa, kadi ni yangu. Hatanilaumu. Hata Kanada hatanilaumu.

Nimeifuta vumbi. Nimeiweka katikati ya vipande viwili vya boksi, nikafunga kwa uzi, si kwa gundi. Nje nimeandika jina lake, na chini: karatasi, si chakula.

Nafasi ya kadi kwenye albamu yangu nilikuwa nimeshaiacha wazi. Nimebandika stempu ya chui hapo.

Basi la wasafiri litasimama Mbarara kesho saa tatu asubuhi kujaza mafuta. Nitakuwa pale saa mbili.