Mama Aliyekuja Kuangalia

Mama Kinya,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo, utaona kwa nini.

Huku Ishiara jua halina adabu. Viazi ulivyonifungia vilikauka kabla sijavila, na maji ya chupa yanaunguza mdomo. Lakini nimepata nilichoombea pasi ya safari: siku mbili peke yangu, bila filimbi ya kafyu. Nilifunga ile machela ya turubai niliyorudi nayo kutoka vitani Burma kati ya migunga miwili, nikajifunika uso kwa sababu ya nzi, nikalala.

Mchana nikasikia kengele za mbuzi, kisha zikanyamaza. Mwanamke akaita kwa mbali, "Wewe, uko hai?"

"Niko hai, mama. Napumzika tu."

Akakaa pale pale vumbini. Ni mama mtu mzima, Mmbeere wa huku huku. Aliniambia mwanawe alichukuliwa mwaka jana, hajarudi, na tangu hapo akisikia kuna maiti mahali, huenda kuiangalia. "Leo nimeona mtu amefunikwa, nikasema ni yeye."

Kisha akanipa maziwa ya kibuyu, akanitazama nikinywa mpaka tone la mwisho.

Jina la mwanawe nimelishika kichwani. Siliandiki hapa; kadi hii haina bahasha, kila mkono utaisoma.

Mfunike Kinya vizuri, baridi ya Githongo naijua. Mwambie baba anamletea asali. Machela nimeikunja. Leo nalala chini, uso wazi, asije mama mwingine akaniona kwa mbali.

Wako,
Baba Kinya